Tulivyomchagulia Dada Mandolini

Dada yangu aliolewa Igamba, kwa watu wenye kahawa, lakini miaka ya kwanza ya ndoa yake aliishi Rhodesia ya Kaskazini, ambako mume wake alichimba shaba. Walirudi baada ya vita kuu ya pili wakiwa na baiskeli, cherehani, mablanketi mazito na watoto wawili, msichana na mvulana. Wa tatu, mvulana pia, alizaliwa nyumbani. Alikuwa bado ananyonya kikohozi kilipomwanza mama yake.

Mwanzoni tulisema ni vumbi la kupepeta mahindi. Kisha tukasema ni baridi. Shemeji alimkalisha dada kwenye baiskeli akaisukuma mpaka hospitali ya misheni, na waliporudi aliwapita watu waliokuwa wakimngoja uwanjani, akaegemeza baiskeli ukutani. Ilikuwa kifua kikuu. Vitanda vya wagonjwa wa namna hiyo vilikuwa vimejaa, kwa hiyo daktari aliwarudisha nyumbani na masharti: alale peke yake, dirisha liwe wazi mchana kutwa, awe na sahani na kikombe chake, ale mayai na maziwa, asifanye kazi yoyote. Na watoto wasimkaribie kabisa.

Wazazi wetu wakanituma mimi nikamtunze. Nilikuwa sijaolewa. Nilipofika nilikuta shemeji ameshamjengea kibanda cha udongo upande wa pili wa uwanja, chenye dirisha kubwa linalotazama nyumba kubwa na jiko. Katikati ya uwanja vilisimama vichanja vya kukaushia kahawa, meza ndefu za mianzi zilizopangwa kwa mstari. Hivyo ndivyo vilivyokuwa mpaka. Watoto waliambiwa, na mkubwa akawaambia wadogo zake kila siku: msivuke vichanja.

Lazima niseme kidogo juu ya sauti ya dada. Kanisani ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo, na wakati wa kuchuma kahawa watu walipenda kupewa mistari ya mibuni iliyo karibu naye. Basi siku za kwanza za kutengwa alikuwa akiwaimbia watoto kupitia dirishani, nao wakiitikia huku upande wa jikoni, na tuliona kwamba tutaweza kuishi hivyo mpaka apone. Kisha akaanza kutema damu. Shemeji alirudi kwa daktari kuuliza, akaambiwa mgonjwa asiimbe tena, asipaze sauti, azungumze kwa kunong'ona tu mpaka kifua kipumzike.

Akanyamaza. Yule mdogo, aliyeachishwa ziwa ghafla, akawa anasimama kwenye vichanja akilia, akimwita, na dada akiwa dirishani anampungia mkono. Mtoto wa umri ule mkono wa kupungiwa utamfaa nini? Alitaka kujibiwa.

Asubuhi moja nilikuwa nachota maji kwenye mtungi, nikasikia dada anapiga kelele: "Rudi! Rudi huko!" Nilipogeuka, mtoto alikuwa ameinama akapita chini ya kichanja na alikuwa anakimbia moja kwa moja kuelekea mlango wa mama yake. Dada alikuwa amejishikilia kwenye mbao za dirisha. Alipiga kelele mara nyingine, sauti ikakatika katikati, akaanza kukohoa, na damu ikamtoka huku mtoto akiona. Nilimnyakua mtoto nikakimbia naye. Aliniuma begani kwa hasira.

Jioni yake nilipompelekea dada uji, aliniita karibu na dirisha.

"Mdogo wangu," alinong'ona, "mwambie shemeji yako anitafutie mandolini."

Sikujua mandolini ni kitu gani. Nilidhani ni dawa.

"Ni kama gitaa dogo," akaniambia. "Lina nyuzi nane, lakini zinakaa mbili mbili, kwa hiyo ni kama nne. Kule migodini jirani yetu mmoja kutoka Nyasa alikuwa nayo. Alinifundisha wimbo mmoja na nusu. Gitaa siliwezi, litanilemea kifuani. Hiyo naweza kuipiga nimelala."

"Ya nini sasa, dada?"

"Nimekatazwa kuimba, sikukatazwa kuita watoto wangu."

Shemeji alipoambiwa alikubali papo hapo. Kulikuwa na fedha kidogo ya kahawa iliyobaki, na mama yake, mama mkwe wa dada, alifikiri fedha hiyo ina kazi nyingine. Alisema mbele yetu sote jikoni, "Mwanangu, hiyo si ya kununulia dawa? Ngoma za vilabuni zimeanza lini kuponya kifua?"

"Dawa gani, mama?" shemeji akamjibu kwa upole. "Daktari amesema apumzike. Hawezi kupumzika huku mtoto analia pale."

Aliamua twende wote wawili Tunduma, mpakani, kwa sababu dada alitaka niende. Shemeji alikuwa mtu wa kuvutwa na kitu kinachong'aa, na dada alijua. Cherehani waliyorudi nayo ilikuwa imepakwa maua ya dhahabu na ilikata uzi kila baada ya mshono. Kwa hiyo dada alinifundisha mimi namna ya kuchagua. Alinifundisha siku kadhaa kupitia dirishani, akitumia mwiko wa ugali. Mpini wa mwiko ulikuwa shingo ya mandolini, na upande wa kusongea ulikuwa tumbo lake.

"Usiangalie urembo," alisema. "Kwanza shingo. Ishike hivi, ilaze mbele ya jicho lako, itazame kwa urefu kama baba anavyotazama mpini wa jembe. Ikiwa imepinda, irudishe hapo hapo, hata wakikupa bure."

"Ndiyo."

"Halafu bonyeza uzi. Shingoni kuna vichuma vimelazwa. Uzi ukikaa mbali na vichuma, itabidi ukaze meno kuubonyeza. Hiyo si ya mtu anayejifunza, sembuse mgonjwa. Lakini ukikaa karibu mno utapiga kelele kama nyuki kwenye chupa. Tafuta ya katikati."

Alipumzika kidogo. Alikuwa akisema maneno machache kisha anafumba macho.

"Zungusha vigingi vya kukazia. Kaza uzi, ngoja, sikiliza. Kigingi kikirudi chenyewe, hapo hakuna kitu. Halafu piga uzi mtupu. Kisha ubonyeze pale nusu ya urefu wake, upige tena. Sauti iwe ile ile, lakini ya kitoto. Kama mama na mwanawe wanaimba wimbo mmoja. Zisipolingana, kila wimbo nitakaoupiga utakuwa umepotoka, na mimi nitadhani kosa ni langu."

"Na ukubwa?"

"Zote ni ndogo. Ila angalia mgongo. Nyingine zina mgongo wa duara kama kibuyu, hizo zinateleza. Mimi nitakuwa nimelala. Nitafutie yenye mgongo bapa." Akanitazama. "Na isikike mpaka jikoni. Hilo ndilo kubwa. Mengine yote yakikushinda, hilo lisikushinde."

Nilimrudishia maneno yake yote akiwa ananisikiliza, na nilipokosea aligonga mwiko dirishani.

Tuliondoka na lori la mahindi. Shemeji alikaa juu ya magunia na mimi nikakaa mbele na dereva, na vumbi la barabara kuu liliingia kila mahali. Tunduma ya wakati ule ilikuwa mstari wa maduka, kizuizi cha barabarani, na watu wengi kuliko nyumba. Waliokuwa wakienda migodini walikuwa wamebeba vifurushi vidogo, na waliokuwa wakirudi walikuwa wamebeba masanduku. Ukitaka gramafoni, kofia, saa ya mkononi au suti iliyovaliwa mara mbili, ulikwenda Tunduma ukawangoja wanaorudi.

Tulianza dukani kwa Mhindi mmoja aliyeuza vitambaa na taa. Alikuwa na mandolini mbili zimening'inia ukutani juu ya mablanketi. Ya kwanza ilikuwa nzuri ajabu. Mgongo wake ulikuwa wa duara, umeungwa kwa vipande vyembamba vya mbao vya rangi mbili, na kuzunguka tundu lake kulipachikwa vipande vya gamba la chaza vinavyometameta. Shemeji aliishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga.

"Hii," akasema.

Nikaitazama shingo. Ilinyooka. Nikabonyeza uzi, ukabonyea kama si kitu. Mwenye duka alipoipiga, ilitoa sauti tamu, laini, ya mtu anayesimulia siri. Nikamwambia shemeji, "Hii haifiki jikoni." Na ilipowekwa kifuani pangu nilipoegemea gunia, iliteleza ikaanguka mapajani. Bei yake pia ilikuwa juu ya uwezo wetu, lakini shemeji alishaanza kuvua koti lake la migodini, koti zuri la sufu, aliongeze juu ya fedha.

"Shemeji, vaa koti lako," nikamwambia. "Hiyo ni ya mtu anayekaa kwenye kiti."

Mwenye duka hakukasirika. Akateremsha ya pili, nyekundu, yenye mgongo bapa na bei nafuu, akasema wengi wanaoanza huichukua hiyo. Ilikuwa na sauti kubwa kweli. Nikailaza mbele ya jicho, na niliona kitu kama mgongo wa mbwa aliyechoka. Shingo ilikuwa imezama katikati. Nyuzi zilikaa juu sana, nikabonyeza mpaka kidole kikaingia mfereji. Nikamwomba mwenye duka apige uzi mtupu, kisha nikabonyeza nusu ya urefu, akapiga tena. Mama na mwana hawakuimba wimbo mmoja. Hata shemeji alikunja uso.

"Zitakaa sawa baada ya muda," mwenye duka akasema.

Nilimwamini nusu. Mimi sikujua muziki, nilijua mwiko wa dada tu. Tulitoka nje tukasimama juani. Nilijua shemeji anafikiria kurudi nyumbani mikono mitupu na yule mtoto kwenye vichanja. Alisema, "Tuchukue nyekundu. Kitu kibovu ni bora kuliko hakuna."

"Atadhani kosa ni lake," nikamwambia.

Hakuelewa nilichosema, lakini hakubisha.

Tulizunguka katika watu waliokuwa wamerudi, tukiuliza. Karibu na mahali malori yaliposimama tulimkuta mtu mmoja amekaa juu ya sanduku lake la bati, anangoja gari la kumsogeza kuelekea milima ya Ileje. Kwao kulikuwa Ibaba. "Mwaiseni," akatukaribisha kwa Kibemba, kama wanavyofanya wengi waliokaa sana migodini, kisha akageukia Kiswahili. Ndiyo, alikuwa na mandolini. Aliitoa kwenye fulana aliyoifungia.

Haikuwa na uzuri wowote. Rangi ilikuwa imechubuka pale mkono unapoegemea, na kigingi kimoja kilikuwa kimepoteza kichwa chake cha mfupa kikawekwa cha mti. Mgongo ulikuwa bapa. Shingo nilipoitazama ilikuwa imenyooka. Niligusa tumbo lake kote nikitafuta ufa, nikaukuta mmoja mdogo umezibwa kwa gundi, nao ulikuwa mgumu, haukuchezacheza. Nyuzi zilikuwa juu kidogo. Nilimwomba akaze uzi, tukangoja, kigingi kikakaa. Nilimwomba apige mtupu, nikabonyeza nusu. Mama na mwana.

Yule mtu alianza kucheka. "Binti, nani amekufundisha? Wewe unapiga?"

"Sipigi. Ni ya dada yangu. Anaumwa, atapiga amelala."

Akaacha kucheka. "Anaumwa nini?"

Shemeji akasema ni kifua. Yule mtu alikuwa ametoka chini ya ardhi, aliona vifua vingi.

Lilibaki moja. Nikamwambia shemeji aondoke, atembee umbali wa kutoka kibandani mpaka jikoni, na ainue mkono juu kama anasikia. Yule mtu akachukua kipande chake cha pembe ya ng'ombe, cha kugongea nyuzi, akaanza kupiga. Palikuwa na kelele, dereva mmoja anawasha lori, wanawake wanauza ndizi, watu wanaitana kwa lugha nne. Shemeji alitembea kinyumenyume mkono ukiwa juu. Alifika umbali wa jikoni, mkono bado uko juu. Akaendelea. Aliwapita wauza ndizi, akalipita lori, akawa mdogo kule barabarani, na mkono haukushuka. Niliona watu wanamtazama wakidhani ana wazimu. Mpigaji naye alimwona, akaendelea kupiga na machozi yakamlengalenga, akaangalia pembeni.

Bei hakuipunguza sana, maana alikuwa anataka kuwanunulia wazazi wake mablanketi, lakini alitupa nyuzi zake zote za akiba na kile kipande cha pembe. Alimwonyesha shemeji kile kijiti kinachosimamisha nyuzi juu ya tumbo, kinachoitwa daraja. "Kisage kwa chini juu ya jiwe laini, kidogo kidogo, nyuzi zitashuka. Ukisaga sana umeiharibu. Saga, jaribu, saga, jaribu."

"Natotela," shemeji akamshukuru.

Dada alipoipokea dirishani aliitazama shingo kwanza, akabonyeza, akazungusha vigingi, akasikiliza, na mimi nilisimama kando kama mwanafunzi. Kisha akanitazama. "Mmeniletea yenyewe," alisema. Ni maneno ninayoyashukuru mpaka leo.

Shemeji alisaga daraja kwenye jiwe mara nyingi ndogo ndogo mpaka dada akasema basi. Hata hivyo siku za kwanza zilikuwa ngumu. Vidole vyake vilikuwa vimelainika kwa kulala, na nyuzi mbili mbili zilimkata. Alijua ule wimbo mmoja na nusu tu, na hata huo ulikuwa umeota kutu. Alikuwa akipiga kidogo, anapumzika na mandolini imelala juu yake, anapiga tena. Watoto walikaa upande wao wa vichanja wakisikiliza makosa yake yote. Mvulana mkubwa alimwita, "Mama, rudia pale!" naye akarudia.

Wiki zilipopita ngozi ya vidole ikawa ngumu, naye akaendelea mbele. Nyimbo za kanisani alizitafuta uzi kwa uzi mpaka akazipata. Alijifunza kutikisa ule mkono ulioshika pembe upesi upesi mpaka sauti ikawa ndefu bila kukatika, kama mtu anayeimba. Nisingethubutu kusema alikuwa mpigaji hodari, lakini hakuwa tena mwanafunzi. Kisha akatunga kitu ambacho sijakisikia kwingine. Kila mtoto alimtungia wimbo wake mfupi wa kumwita. Wa msichana ulikuwa umetulia, wa mvulana mkubwa ulikuwa unakimbia, wa yule mdogo ulikuwa unarukaruka kisha unasimama ghafla. Ukipigwa, mwenyewe huacha alichokuwa anafanya na kukimbilia kwenye vichanja, na anaanza kusema habari zake kwa sauti. Mama anamjibu kwa nyuzi. Yule mdogo alikuwa anacheza, na wimbo uliposimama ghafla naye alisimama, mguu mmoja juu, akicheka. Hakuvuka tena.

Watu walisema. Mzee mmoja wa kanisa alikuja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda mbali na dirisha, akamwuliza dada kama ni kweli anapiga nyimbo za vilabuni kitandani pa ugonjwa. Dada alimpigia wimbo wa kanisani, beti zote. Mzee akavua kofia, akausikiliza mpaka mwisho, akaomba, akaondoka. Alikuwa hajafika mbali nyimbo za watoto zilipoanza, na mama mkwe, aliyekuwa amekaa anachambua maharage, ndiye aliyecheka wa kwanza. Siku hiyo nilimpenda.

Tuliamini anapona. Alinenepa kidogo usoni. Nadhani hata daktari aliamini.

Mvua zilipoanza, kifua kilirudi na nguvu nyingine. Homa ilikuja kila alasiri. Unyevu uliingia mpaka kwenye mandolini, mgongo ukaachia gundi upande mmoja, na shemeji akaufunga kwa kamba nyembamba. Dada hakuweza tena kubonyeza nyuzi mbili kwa pamoja. Aliniomba nitoe uzi mmoja katika kila jozi, zibaki nne. Nilizitoa. Zikawa rahisi kwa vidole vyake, lakini sauti ikawa nyembamba, na mvua juu ya bati la jikoni ilikuwa na kelele.

"Mama, hatusikii!" watoto walimwambia. "Piga kwa nguvu!"

Alikuwa anapiga kwa nguvu.

Nilisogeza kigoda changu nikakaa katikati, karibu na vichanja, nikawa nasikiliza na kuwaambia watoto: sasa ni wako wewe, sasa ni wako. Wakawa wanaitikia kwa kuniamini mimi. Siku nyingine alipiga nyuzi tupu tu bila kubonyeza, na mimi niliwaambia kila mmoja jina lake kwa zamu.

Alifariki alasiri, mvua ikiwa imekatika kidogo. Nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi nilimkuta amegeukia dirishani, na mandolini iko juu ya mkeka sakafuni, imewekwa vizuri, haikuanguka. Shemeji alikuwa kwenye mibuni, akaitwa.

Baada ya mazishi wazee wa ukoo walikaa wakaamua kwamba kila kitu cha marehemu kichomwe: godoro, mablanketi, sahani, kikombe, na kibanda chenyewe kibomolewe. Hakuna aliyepinga hayo. Ilipofika mandolini nilisema ile ni mbao, dresa, yule mhudumu wa zahanati anayefunga vidonda, alikwisha kuniambia vitu vya mbao hupanguswa kwa dawa na kuanikwa juani siku nyingi. Niliwaomba wamngoje aje aseme mwenyewe.

"Dresa hatakuja kuwazika watoto hawa wakiugua," mama mkwe alisema. Hakusema kwa ubaya. Alikuwa analia. "Ilikaa kifuani pake, mwanangu. Kifuani kabisa."

Shemeji aliishika muda mrefu. Kisha akaiweka juu ya godoro, akarudi nyuma.

Watoto tulikuwa tumewafungia jikoni na shangazi yao ili wasione. Moto ulipopanda, ubao ulilia kidogo, halafu nyuzi zikaanza kukatika. Kila uzi ulipokatika ulitoa sauti, na mbili za kwanza zilifuatana upesi. Mlango wa jikoni ukafunguka. Yule mdogo alimponyoka shangazi yake, akaja mbio mpaka kwenye vichanja, akasimama mahali pake pale pale, akaanza kucheza. Alikuwa anatazama kule dirishani, ambako hapakuwa na mtu, akingoja.

Hakuna aliyeweza kumfuata. Wanaume wazima walisimama. Mwishowe mama mkwe ndiye aliyemwendea, akamweka mgongoni na kumfunga kwa khanga.

Dresa alikuja siku chache baadaye, akathibitisha niliyosema. Sikumwambia mtu.

Shemeji alirudi migodini mwaka uliofuata. Wakubwa wawili walibaki kwa bibi yao, na mimi nilipoolewa Chitete nilikwenda na yule mdogo, na mume wangu alimpokea kama wake. Hakuna kati yao aliyeugua kifua. Msichana alifanana na mama yake hata kwa kutembea, akawa naye anaanzisha nyimbo kanisani. Shemeji hakuoa tena mpaka akazeeka, na hilo watu walimlaumu.

Mdogo alikua akawa mtu mrefu, mpole, asiye na maneno. Nilikuwa nikidhani kwamba siku moja ataniuliza, nami nilijiandaa kumweleza yote, kibanda, mwiko, safari ya Tunduma. Aliniuliza akiwa ameshakuwa kijana wa kuoa, tukiwa shambani tunavuna mtama. Nikamweleza. Alisikiliza akiwa anakata masuke.

"Mama mdogo, mimi sikumbuki kitu," akasema. "Nimejaribu. Wakubwa wanasema nilikuwa nacheza. Sikumbuki muziki wala uso. Ninakumbuka vichanja tu, mianzi yake, kwa chini."

Nilijaribu kumwimbia ule wimbo wake. Nilianza vizuri, kisha nikapotea, nikarudia, nikapotea mahali pale pale. Nilikuwa nimeusikia kila siku kwa karibu mwaka mzima.

"Acha tu," akaniambia. Akakata masuke kidogo. "Alikuwa mrefu?"

"Alinizidi mimi. Ungesimama naye, angekufikia hapa." Nikamgusa begani.

Akapatazama mahali nilipogusa, kisha akainama kuchukua kikapu.